Safari ya Kushitakia Maji ya Ngama

Mmenichosha na suali moja kila jioni barazani: "Ilikuwaje huko, Mzee Faki?" Nikianza kueleza, mmoja anaingia na habari za mpira, mwengine kikombe chake kimepinduka, na miye nikishakatwa maneno sirudi tena pale nilipokuwa. Basi nimeandika. Hati yangu mbaya, naijua. Kusoma nimejifunza ukubwani, baada ya Mapinduzi, kwenye kisomo cha watu wazima, tukikaa darasa moja na wake zetu na wao wakitushinda. Anayejua kusoma asome, asiyejua asomewe, na atakayecheka asicheke mbele yangu.

Jina la bandari yetu silitaji. Nyinyi mnaijua. Nimekula kwenye gati lile miaka yote ya ukuli wangu, nimebeba karafuu za watu mpaka bega moja likashuka, sitaki ionekane namtukana mama.

Lakini kwa yule ambaye hajawahi kukaa na meli, nieleze. Kila meli ya mashine ina ngama. Ngama ni kule chini kabisa, tumboni mwake, ambako maji ya kuvuja na mafuta ya mashine hujikusanya pamoja yakawa kitu kimoja cheusi. Yakijaa, lazima yatoke. Bandari inayojua kazi yake ina pahala pa kuyapokea, tangi ama gari. Yetu ina pipa. Pipa hilo lipo pembeni ya ghala, limejaa tangu sijui lini, na juu yake kuku hupanda kujianika. Nahodha akiuliza atie wapi, karani humnyooshea kidole lile pipa. Kwa hivyo meli zimezoea kutouliza. Hufungua bomba zingali njiani, pale mlangoni mwa hori, ule mkono wa bahari unaoingia kwetu, na maji ya kujaa huyachukua yote yakayaleta ndani kwenye mikandaa, mikoko ya kwetu. Na kwenye mikandaa yupo mwanangu Riziki.

Riziki ndiye aliyenibakia. Mama yake keshakwenda mbele ya haki. Kaka zake, mmoja yupo Maskati, mmoja hatujui alipo. Mumewe alifariki mapema, akarudi kwangu, akawa analima mwani na kuokota chaza, na usiku tunakula pamoja yeye na miye. Mwaka ule mwani ukawa unatoka na utando mweusi, unateleza kama bamia. Mnunuzi akaunusa, akauweka chini, akajifuta mkono kwenye suruali. Chaza ukimpasua ananuka koroboi.

Siku moja Riziki akaniambia, "Baba, mama mdogo ananiita Tanga. Ana cherehani mbili na moja haina mtu. Nipe radhi yako nende."

Kwetu mtoto hahami bila radhi ya mzazi. Kupanda chombo anaweza, hakuna wa kumkamata, lakini hapandi. Na miye nilikuwa nalijua hilo. Nikamwambia, "Ngoja kwanza."

"Ningoje nini?"

"Nimesikia redioni. Kila bandari inatakiwa iwe na pa kupokea uchafu wa meli, na ikiwa hapana, iripotiwe. Nakwenda Unguja kuripoti."

"Utaripoti kwa nani?"

"Redio haikusema."

Akanitazama vile alivyokuwa akinitazama mama yake. Kisha akaenda kunichemshia muhogo wa njiani.

Kutoka kwetu mpaka Gombani

Asubuhi nilijaza kidumu cha njano maji ya ngama kutoka kwenye mikandaa, nikakifunga kwa plastiki na kamba, kiwe ushahidi wangu. Huyo ndiye aliyekuwa mwenzangu wa safari.

Gari za abiria siku ile hazikupita. Nikapakiwa na lori la makonyo. Makonyo ni vile vijiti vya karafuu, huku kwetu hupelekwa kiwandani vikakamuliwa mafuta. Dereva wake, Hamadi, alikuwa mtu wa Shumba, nyumbani nilikozaliwa, basi ikawa tumeshajuana kabla hatujasalimiana.

"Kidumu cha nini hicho, mzee?"

"Maji ya ngama."

"Unayapeleka wapi?"

"Unguja."

Akafikiri kidogo. "Kwani Unguja hawana?"

Nilikaa juu ya magunia, na jua likipiga makonyo yanatoa harufu yake, inaingia kwenye kanzu, kwenye kofia, kwenye muhogo wangu. Tulipofika Gombani gurudumu likapasuka, karibu kabisa na kiwanja cha mpira. Hamadi hakuwa na jeki. Akasema mwenye jeki yumo ndani anatazama mpira, anamfuata anarudi sasa hivi. Sikumwona tena mpaka mpira ulipomalizika. Nadhani Pemba nzima ilikuwa ndani ya kiwanja kile, nje nilikuwa miye na makonyo. Nikisikia wanapiga kelele, nikijua pana bao, sijui la nani. Nikawa najiambia, watu wote hawa wanajuana na hakuna hata mmoja anayejua kuwa nipo hapa. Jambo la kipuuzi kulifikiri, lakini mtu akikaa peke yake juu ya lori hufikiri yatakayokuja.

Hamadi aliporudi nilimuuliza nani kashinda. Akasema, "Usiniulize," na hakusema neno tena mpaka Chake.

Mkoani

Nilifika Mkoani meli imeshakwenda. Gatini wamebaki mbuzi na watu wanaozoa kamba. Nikaambiwa nyengine inakuja kesho, au keshokutwa, au ikikawia sana Ijumaa.

Nililala msikitini. Baada ya Isha pakaletwa sahani ya boko boko imefunikwa kawa, imepitishwa dirishani na mkono wa mwanamke, na sauti ikasema, "Ya mgeni." Nilitaka kujua ni nyumba gani nikashukuru. Kila niliyemuuliza alisema si kwake. Asubuhi niliiosha sahani nikaiweka palepale dirishani. Mpaka leo sijui nimekula kwa nani, na dua nimeomba kwa wote wa mtaa ule, itamfika mwenyewe.

Meli ilipokuja ndipo palipokuwa na kazi. Siku zile karafuu ilikuwa ya serikali peke yake, na atakayeonekana anaivusha hata kiganja kimoja alikuwa mashakani. Pale gatini palikuwa na askari wawili wa kuzuia magendo. Wa kwanza alivuta hewa kama mtu anayepita mlango wa mpishi.

"Mzee, unanuka karafuu."

"Nanuka makonyo, mwanangu. Nimepanda lori la makonyo."

"Na dumu?"

"Maji ya ngama."

Yule wa pili akacheka. "Huyu kakamua mafuta nyumbani kwake, sasa anatuambia ngama. Fungua."

"Ntafungua, lakini simameni mbali."

"Tusimame mbali, umwage ushahidi?"

Nikafungua. Yule wa pili aliinama mwenyewe, pua yake ikaingia karibu na mdomo wa kidumu. Alipoinuka macho yalikuwa yamemtoka machozi. Akakaa kitako juu ya gunia la mtu.

"Kitu gani hiki?" akaniuliza, na sauti yake sasa ilikuwa ya mtoto wa mtu.

"Ndicho tunachokula kule kwetu. Nakwenda kukishitakia."

"Nenda, mzee," akasema. "Nenda nacho mbali."

Melini

Kifuniko hakikurudi sawasawa baada ya pale. Harufu ikawa inatoka kidogo kidogo, na ikikutana na ile ya makonyo inakuwa harufu ya tatu ambayo sijawahi kuisikia kabla wala baada. Aliyekuwa ubavuni mwangu alihama kwa adabu, akasema anatafuta upepo. Baadaye mama mwenye kuku wawili naye akatafuta upepo. Mwisho nikawa nina benchi zima, meli imejaa watu wamesimama.

Mnajua mtu hawezi kula mbele ya watu asiwakaribishe. Nilipofungua muhogo wangu na ng'onda nilikaribisha kushoto na kulia. Wakaniitikia kutoka mbali, "Bismillahi, mzee, endelea," kama wanaomwitikia mtu aliye ng'ambo ya mto. Nikala peke yangu. Ng'onda alikuwa mzuri, Riziki hajui kukausha samaki vibaya. Nikawa namwona yeye kule nyumbani naye anakula peke yake, na nikajiona miye nikila peke yangu akishakwenda Tanga, na nikaona kumbe ni kama ninafanya mazoezi.

Unguja, kwa Bi Shani

Marehemu kaka yangu Makame alimwacha mkewe mtaa wa Ng'ambo, Bi Shani, mwanamke wa maneno na wa mkono wazi. Nilimbishia mlango mchana. Akafungua, akaniona, akapiga kigelegele kidogo cha chini kwa chini, na kabla sijamaliza salamu akakichukua kidumu mkononi mwangu.

"Shemeji, na tabu zote hizi ukanibebea? Ahsante. Watu wa Pemba hawaji mikono mitupu."

Hapo sasa. Miye niliyelelewa vizuri, niliyekwenda kwa shemeji yangu baada ya miaka, sikuchukua hata ndizi. Muhogo nimeula. Akili yangu yote ilikuwa kwenye lile jambo. Mikono ilikuwa mitupu isipokuwa kidumu, na kidumu keshakipokea, na ahsante keshaisema. Nikafungua mdomo nimwambie, "Hicho si chako." Jaribuni nyinyi kuyatamka maneno hayo, mmesimama mlangoni kwa mke wa marehemu kaka yenu. Hayatoki. Nikasema, "Kidogo tu, shemeji."

Akakitia uvunguni mwa kitanda. Zawadi haifunguliwi mbele ya mgeni, itaonekana mtu ana njaa nayo. Akanipikia wali na pweza wa nazi, akanihadithia nani kaoa na nani kaachwa, na miye nikawa naitikia huku jicho lipo uvunguni.

Ofisini

Siku ya pili nilikwenda ofisini. Ofisi nayo siitaji. Siku zile mambo ya vyama yalikuwa moto, na Mpemba akiingia mahala na jambo lolote huulizwa kwanza katumwa na nani. Aliyekaa mlangoni aliniuliza hivyo hivyo.

"Nimetumwa na chaza," nikamwambia.

Hakupendezwa. Akaniweka kwenye benchi mpaka watu wote waliokuja nyuma yangu wakaingia na wakatoka. Lakini bwana aliyekuwa ndani, nilipofika kwake, alikuwa mtu mzima mwenye subira. Alinisikiliza tangu mwanzo, hata habari ya Hamadi na jeki.

"Mzee wangu, umekuja na hayo maji yenyewe?"

"Nimekuja nayo."

"Yako wapi?"

"Kwa shemeji yangu. Uvunguni."

"Basi kayachukue, nitayapeleka yapimwe. Hapo tutakuwa na pa kuanzia."

"Hayachukuliki, bwana. Keshayapokea."

"Kayapokea vipi?"

"Zawadi."

Akaweka kalamu chini. "Na wewe hukumwambia?"

"Ningemwambiaje? Keshasema ahsante."

Nilidhani atanifukuza. Alitazama dirishani muda, mabega yakimtikisika, kisha akasema, "Mama yangu yupo Makunduchi. Naye angelipokea, hata lingekuwa bomu. Haliwezi kurudi hilo, limekwenda." Akanieleza taratibu kama unavyomweleza mtu njia ya kwake. Kwamba bila ya maji yale mkononi yeye hana cha kupima, na safari nyengine ya kwenda na kurudi ningeweza kuifanya nikitaka. Lakini hata hivyo, akasema, maji yangeonyesha kuwa pwani ni chafu. Hayaonyeshi kuwa bandari haina pa kupokea.

"Hilo linasemwa na nahodha. Kafika, kauliza, kakosa. Nahodha akiandika, habari inakwenda kwa wenye bendera ya meli yake, serikali iliyoiandikisha, wao wanawauliza wakubwa zetu, na wakubwa zetu wananiuliza mimi. Hapo nitakuwa na nguvu ya kudai tangi. Ukisema wewe, linaishia hapa mezani."

"Nahodha gani atakubali?"

"Hilo," akasema, "hata mimi ningependa kulijua."

Nikamtajia meli moja ninayoijua, ya saruji na abiria wachache, inayokuja kwetu kisha inakwenda Tanga. Akaulizia, akaambiwa ipo Dar es Salaam inapakia. Nikamuaga Bi Shani. Kidumu kikabaki uvunguni.

Dar es Salaam, getini

Sikuwahi kufika Dar. Watu wanasema mji mkubwa unatisha kwa magari. Miye ulinitisha kwa kuwa hakuna anayekuuliza unatoka wapi. Nilipita mtaa mzima nikitoa salamu, kwa mazoea, na mwisho nikawa naitoa kwa sauti ndogo, kisha nikaacha.

Getini kwenye bandari ile ndogo ya majahazi na meli za mwambao, askari hakuniruhusu. Sina kitambulisho cha kazi, sina mzigo. Nikakaa ng'ambo ya barabara kwa mama mmoja muuza chakula, Mama Stumai, mtu wa kusini. Nikala ugali na dagaa wadogo ambao kwetu ni chambo. Nilikaa pale siku ile na nyengine na nyengine. Aliniazima hata kigoda.

"Babu, unamsubiri nani?"

"Nahodha wa meli ile pale."

"Unatoka wapi?"

"Pemba."

Nilisema tu, kama nilivyosema kwengine. Lakini Mama Stumai akaweka mwiko chini, na kesho yake ugali wangu ulikuja na kipande cha nyama ambacho sikukiagiza. Wabeba mizigo wakaanza kunisalimu kwa kuinama. Mmoja akaja akachuchumaa mbele yangu akasema kwa sauti ya chini kuwa mkewe hataki kukaa nyumbani.

"Sasa miye nifanye nini, baba?"

"Babu, wewe unajua. Watu wa Pemba mnajua."

Ndipo nilipofahamu. Kule kwao Mpemba mzee aliyekaa kimya peke yake siku tatu hawezi kuwa kitu chengine ila mganga. Nikamwambia, "Miye kuli mstaafu." Akaitikia, "Ndiyo, babu," na hakuniamini hata chembe. Nilivyozidi kukataa ndivyo walivyozidi kusadiki, kwa sababu mganga wa kweli, wanasema, hajitangazi.

Mwisho akaja yule askari wa getini mwenyewe. Mgongo ulikuwa unamuuma tangu Ramadhani, hawezi kuinama kufunga viatu. Nikamwambia sina dawa. Akasema hata dua. Dua haikataliwi. Nikamwekea mkono mgongoni nikamsomea Fatiha, ndiyo ninayoijua vizuri, na nikamwambia, na hili nililisema kama kuli, aache kubeba ndoo kwa mkono mmoja. Akanishukuru sana. Akafungua geti.

Kwa nahodha

Nahodha Mbwana alikuwa Mdigo, mnene, kaka ya kila mtu. Alinipa chai kwenye kikombe cha bati akanisikiliza, na nilipofika kwenye habari ya mlangoni mwa hori akaacha kunywa.

"Mzee, si mimi peke yangu."

"Najua."

"Bandari yenu niliwauliza mara ya kwanza nilipokuja. Wakanionyesha pipa lina kuku."

"Bado wapo."

"Basi wewe unataka niandike kuwa hapana pa kutia."

"Ndiyo."

"Nikiandika hivyo, suali la kwanza nitakaloulizwa ni moja tu: basi hayo ya kwako umeyatia wapi?"

Nakwambieni kweli, safari nzima sikulifikiri hilo. Nilidhani watu hawaripoti kwa uvivu. Kumbe kila nahodha aliyekosa pa kutia ameshatia, na akifungua mdomo kuishitaki bandari anajishitaki mwenyewe. Nikatazama chai yangu. Nikaona nimekuja mbali kwa ajili ya jambo ambalo limefungwa ndani na nje.

Nikamwambia, si kwa hila, nilikuwa nimechoka, "Basi, nahodha. Nirudi nikampe mtoto radhi yake."

"Mtoto gani?"

Nikamhadithia Riziki. Habari ya mwani, ya mnunuzi aliyejifuta mkono, ya cherehani isiyo na mtu. Alisikiliza huku akikwaruza kutu kwenye meza. Mwisho akasema, "Tunaondoka kesho. Utapanda na sisi, usitafute chombo. Sikukuahidi kitu."

"Sikukuomba," nikasema. Na wote wawili tulijua nimemuomba.

Kurudi

Tulipitia Unguja kushusha saruji, nikapata nafasi ya kumsalimia Bi Shani. Alinipokea kwa furaha kuliko mara ya kwanza.

"Shemeji, mafuta yako yale ya mchwa, Mungu akupe umri. Nilikuwa nalia na mchwa mwaka mzima, na wewe umejuaje? Njoo uone." Akanipeleka uani. Nguzo zote za banda, miimo ya milango, mpaka miguu ya kitanda, kapaka maji ya ngama. Nyumba nzima inanuka kama chumba cha mashine, na yeye keshazoea. "Ukija tena niletee dumu kubwa."

Nikasema inshaallah. Ningesema nini.

Kutoka pale kuja Pemba bahari ilikuwa shwari. Nilikaa nyuma, karibu na tundu la kushukia kwenye mashine. Miye naijua sauti ya bomba la ngama, inakohoa kwanza kabla ya kutema. Nikawa nasikiliza. Mchana tulipoanza kuiona mikoko ya kwetu, fundi wa mashine akatoa kichwa, uso mweusi kwa grisi.

"Nahodha, maji yamefika kwenye mbao. Nitoe?"

Nahodha Mbwana alikuwa kashika usukani. Hakunitazama.

"Yaache."

"Yakizidi yatagusa mkanda wa mashine."

"Nimesema yaache. Kaa nayo uyatazame."

Fundi akanitupia jicho miye, akatukana kidogo kwa Kidigo, akashuka. Tukaupita mlango wa hori polepole, meli imelemaa upande, na nyuma yetu maji yakabaki na rangi yake.

Gatini karani alikuja na kitabu chake cha mizigo. Nahodha akamwuliza kutoka juu, kwa sauti ya kusikika mpaka ghalani, "Nina maji ya ngama. Pa kutia pako wapi?"

Karani akanyoosha kidole kwenye pipa. Nahodha akashuka, akafukuza kuku, akafunua. Limejaa maji ya mvua na makumbi ya nazi. Makuli wote walikuwa wamesimama wanatazama.

"Pa kutia pako wapi?" akauliza tena.

"Nahodha, haya si mambo ya kuyazungumza sisi kwa sisi?"

"Nimekuuliza ili nijibiwe. Nitaandika utakachonijibu."

Karani alinitazama miye, akawatazama makuli, akalitazama pipa. Si mtu mbaya, kuku wale ni wake. Akasema, "Hapana."

Nahodha akapanda akaandika. Alikuwa na haki ya kuandika safari ile, uchafu wake bado alikuwa nao tumboni mwa meli.

Nilipogeuka, Riziki alikuwepo, kasimama karibu na magunia, na kifurushi kichwani na viatu vya safari mguuni. Nikadhani kapata habari kuwa nakuja. Nikamuuliza nani kamwambia.

"Hakuna. Kila meli ikija nami nakuja hapa gatini," akasema. "Na kifurushi changu. Nikasema, siku utakayoshuka ndiyo siku ntakayopanda."

"Umesikia alichouliza nahodha?"

"Nimesikia."

"Ameyazuia leo. Hakumwaga."

"Na wale wengine, baba?"

Nikautazama mlango wa hori.

"Na tangi litakuja lini?"

Ningeweza kumwambia mwezi ujao. Angeniamini, na angekaa, na ningekula naye usiku ule. Neno lilikuwepo mdomoni tayari.

"Sijui, mwanangu," nikamwambia. "Pengine miaka. Hata likija, chaza atakuja anapotaka mwenyewe."

Akatua kifurushi, akapiga magoti palepale juu ya saruji iliyomwagika, akanishika mguu. "Basi nipe radhi."

Nikamwekea mkono kichwani. Nikasema unazo zangu na za mama yako, nenda kwa amani, ukifika usimtegemee mama mdogo kwa kila kitu, na ukipata mume mwema usinisubiri miye kusema ndiyo. Aliinuka na vumbi la saruji magotini. Tulicheka kidogo tulipojaribu kulipangusa.

Nahodha akamkalisha pahala pazuri, karibu na jiko. Meli iliondoka kwenda Tanga na maji yake ya ngama yote, haikuacha hata tone kwetu, kama nilivyokwenda kuomba. Na mwanangu yumo humo humo. Nilisimama mpaka ikageuka nyuma ya mikoko. Kisha makuli wakaniita nikae nao, nikasema naja, nikaenda nyumbani kwanza kuwasha moto, kwa sababu palikuwa hapana mtu wa kuuwasha.